Bwawa la nyumbani wakati wa masika Bagamoyo: kuliendesha, kulilaza au kulikausha?

Mwenye bwawa la kuogelea nyumbani kwake Bagamoyo ana njia tatu za kulivusha masika. Anaweza kuliendesha kama kawaida, pampu ikifanya kazi na klorini ikitiwa kila siku. Anaweza kulilaza, yaani kuliacha limejaa maji yaliyowekwa sawa huku pampu ikipunguziwa saa. Au anaweza kulikausha kabisa hadi watoto na wageni watakaporejea Juni. Ili hesabu zilingane, njia zote tatu zinapimwa hapa kwa bwawa moja la mfano: mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.4, yaani lita zipatazo 45,000, lililojengwa kwa zege na kuwekwa vigae. Mwenye bwawa dogo au kubwa zaidi atashusha au kupandisha hesabu kwa uwiano huohuo. Naeleza mapema kwamba kwa nyumba nyingi za ukanda huu naiona njia ya pili kuwa ndiyo bora, na kwamba ya tatu, ambayo wengi huikimbilia kwa kuwa inaonekana haina gharama, ndiyo pekee inayoweza kumpotezea mtu bwawa zima.

Kwa nini utaratibu wa majira ya baridi hautufai

Miongozo mingi ya kufunga bwawa imeandikwa kwa ajili ya nchi zenye baridi kali. Ujerumani, Kanada au kaskazini mwa Marekani, mwenye bwawa hulifunga Septemba au Oktoba kwa sababu moja kuu: maji yanapoganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na mtanuko huo ukitokea ndani ya bomba, chujio au pampu, hakuna plastiki wala chuma kinachostahimili. Kwa hiyo hushusha maji chini ya mdomo wa skima, lile tundu la ukutani linalofyonza maji ya juu na taka zake, hupuliza mabomba kwa kompresa, huziba matundu, humimina dawa ya kuzuia kuganda katika mabomba yasiyokauka vizuri, kisha hufunika bwawa lote kwa turubai zito hadi majira ya kuchipua.

Kuna jambo la pili ambalo miongozo hiyo hailitilii mkazo kwa sababu kwao ni la kawaida mno. Maji yakiwa chini ya nyuzi 15 hivi, ukoga wa kijani karibu huacha kukua na klorini iliyomo hudumu muda mrefu. Baridi yenyewe ndiyo mlinzi wa bwawa lililofungwa, na Bagamoyo mlinzi huyo hayupo. Hata katika kipupwe cha Julai, upepo wa kusi unapowafanya watu watoe masweta makabatini, maji ya bwawa hayakaribii kiwango hicho. Na wakati wa masika yenyewe hubaki vuguvugu. Bwawa likifungwa kwa utaratibu wa Ulaya, pasipo kuzungushwa maji wala kutiwa dawa kwa miezi miwili, litakuwa kijani kabla ya mwezi wa kwanza kwisha, na chini ya turubai lake pataota mambo ambayo msimamizi wa nyumba hatataka kuyafunua.

Adui wetu, basi, ni maji yanayofika mahali pasipotakiwa. Mvua ya milimita 10 huongeza lita 320 katika bwawa la mfano wetu. Masika yakimwaga milimita 300 hapo, ni lita 9,600, zaidi ya sehemu moja ya tano ya bwawa zima. Maji hayo ya mvua hayana klorini, hayana ualkali (uwezo wa maji kuzuia uchachu usiyumbe) wala chokaa, na yana uchachu kidogo, kwa hiyo kila yanapoingia na bwawa kufurika, dawa iliyolipiwa huondoka na maji yanayomwagika. Ukiongeza maji yanayotiririka kutoka uani yakiwa na udongo, majani ya mwembe na mavi ya kuku, ukoga unapata chakula chake kamili. Chini ya ardhi nako maji hupanda, na hilo ndilo lenye madhara makubwa kuliko yote, ingawa halionekani.

Kuliendesha kama kawaida

Njia hii inamfaa anayeishi katika nyumba hiyo mwaka mzima na mwenye nyumba ya wageni ambayo haifungwi Aprili na Mei. Bwawa hubaki tayari kutumika muda wowote, na kasoro huonekana siku ileile inapojitokeza, kwa sababu kuna mtu analitazama kila asubuhi.

Gharama yake kubwa ni umeme. Pampu ya kilowati 1.1 ikifanya kazi saa 8 kwa siku hula uniti 8.8, na kwa siku 60 za masika ni uniti 528 za LUKU. Klorini nayo haipungui kama watu wanavyodhani. Ni kweli kwamba siku za mawingu jua haliiharibu kwa kasi ileile, lakini mvua inaizimua na uchafu unaimaliza. Bwawa la mfano likipoteza miligramu 2 za klorini katika kila lita kwa siku, litahitaji gramu 130 hadi 140 za klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70, sawa na kilo 8 hivi kwa siku 60.

Anayechagua njia hii asifuate ratiba ya Januari kwa kukariri. Katika masika vipimo vya maji vichukuliwe baada ya kila mvua kubwa, bila kusubiri siku iliyozoeleka. Klorini huru, ile ambayo bado haijatumika, ikae kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, kati ya 7.2 na 7.6, na ualkali kati ya miligramu 80 na 120. Ualkali ndio unaoanguka kwanza, na ukianguka pH huyumba kila siku, leo chini, kesho juu. Ikishuka sana hula grauti katikati ya vigae na kutafuna shaba na chuma vya mitambo. Ikipanda klorini hulegea, kwani katika pH 7.5 karibu nusu ya klorini huwa katika umbo lenye nguvu, lakini katika pH 8 hubaki robo tu au pungufu. Kurudisha ualkali si kazi ngumu: bikaboneti ya sodiamu, ileile ya kuumulia keki, kiasi cha robo tatu ya kilo, hupandisha ualkali wa bwawa hili kwa miligramu 10 kwa lita.

Wapo wanaoona rahisi zaidi kumwaga mrututu, yaani salfeti ya shaba, maji yanapoanza kuwa kijani. Mrututu huua ukoga, hilo halina ubishi, lakini shaba yake hubaki majini, hutia madoa ya buluu kwenye grauti na haichukui nafasi ya klorini katika kuua vijidudu. Bwawa linaloendeshwa vizuri halihitaji kutegemea mrututu.

Kulilaza likiwa limejaa

Kulilaza si kulitelekeza. Bwawa huandaliwa mwanzoni mwa Machi, kabla mvua hazijakolea, kisha hupewa uangalizi mdogo ambao haukosi. Kuta na sakafu husuguliwa kwa brashi, taka za chini hufyonzwa, na chujio la mchanga husafishwa kwa kugeuza mkondo wa maji. pH na ualkali huwekwa sawa, kisha jioni, jua likishazama, hutiwa klorini nyingi ya kupandisha kiwango kwa miligramu 10 kwa lita, ambayo kwa bwawa letu ni gramu 650 hadi 700 za klorini ya unga. Unga huyeyushwa kwanza katika ndoo yenye maji, na daima dawa ndiyo inayotiwa kwenye maji, si maji kumwagwa juu ya dawa. Asidi ya sianuriki, ile inayoikinga klorini dhidi ya jua, ikiwa kati ya miligramu 30 na 50 kwa lita, klorini itakayobaki haitaisha kwa adhuhuri moja mawingu yanapofunguka.

Baada ya hapo pampu hufanya kazi saa 3 kwa siku, ikiwezekana asubuhi, ili msimamizi aione na kuisikia. Matumizi ya umeme hushuka hadi uniti 3.3 kwa siku, yaani 198 kwa siku 60, pungufu ya uniti 330 ukilinganisha na njia ya kwanza. Klorini hupimwa mara mbili kwa wiki na kuongezwa isishuke chini ya miligramu 1. Kwa kuwa hakuna waogaji wanaoleta jasho na mafuta ya ngozi, kiasi kinachotumika huwa nusu ya kile cha kawaida au pungufu. Juni inapofika, kazi ya kulifungua ni ya siku moja au mbili: kusugua, kufyonza, kupima, kutia klorini na kuongeza saa za pampu.

Kinachoiangusha njia hii ni mambo madogo. La kwanza ni bomba la kufurikia. Likiziba kwa majani, bwawa hufurika kupitia ukingo, maji huchimba udongo ulio nyuma ya vigae vya pembeni, na baadaye ukingo hutitia. La pili ni mfereji wa upande wa juu wa uwanja, ambao hugharimu jembe na kutwa moja ya kazi, na usipochimbwa, tope lote la uani litaingia bwawani mvua ya kwanza. La tatu, ambalo naliona katika nyumba nyingi za pwani, ni shimo la pampu. Mafundi hupenda kuificha pampu ardhini ili isiharibu mandhari; masika yakija, shimo hujaa maji, mota huzama, na mwenye nyumba hununua mota mpya Mei. Ikiwa pampu haiwezi kuhamishiwa juu, basi shimo lijengewe ukingo, liezekwe, na liwe na pampu ndogo ya kunyonya maji yanayojipenyeza. Saketi nzima ilindwe na swichi ya kukata umeme unaovuja, ya miliamperi 30, kwa sababu mtu anayeingia peku katika shimo lenye maji na waya hapati nafasi ya pili.

Dawa zenyewe nazo zinateseka wakati wa masika. Klorini ya unga hufyonza unyevu na kuganda mabonge, na mvuke wake hula kila chuma kilicho karibu, kwa hiyo ihifadhiwe mahali pakavu, juu ya ubao, mbali na pampu. Klorini ya unga na vidonge vya klorini kwa kawaida ni kemikali mbili tofauti ambazo zikichanganyika zinaweza kuwaka moto au kulipuka. Chombo cha kupimia kimoja kisitumike kwa zote mbili. Asidi ikikutana na klorini hutoa gesi ya sumu. Msimamizi asiyejua hayo hafai kuachiwa funguo za stoo hiyo, hata awe mwaminifu namna gani.

Kulikausha

Hoja ya wanaokausha inaeleweka. Bwawa tupu halili umeme, halihitaji klorini, na mwenye nyumba anayeishi Dar es Salaam halazimiki kupiga simu kila wiki. Lakini bwawa la zege lililokaa ardhini halikujengwa likae tupu, na masika ndiyo miezi mibaya kuliko yote ya kulijaribu.

Hesabu ni hii. Sanduku la zege la mfano wetu, likiwa na unene wa sentimita 20 sakafuni na ubavuni, lina uzito wa tani 34 hivi. Likiwa limejaa huongezewa tani 45 za maji, na jumla hiyo hukaa imara. Ukiyatoa maji hayo, kisha maji ya ardhini yakapanda hadi karibu na ukingo, sanduku husukumwa juu kwa nguvu sawa na uzito wa maji ambayo limeichukua nafasi yake, tani 59. Tani 34 haziwezi kuzizuia tani 59. Hata pasipo kufika huko, maji ya ardhini yakifika karibu mita moja tu juu ya kitako cha bwawa, mizani imeshageuka, na msuguano wa mchanga uliolowa hautoi msaada wa kutegemewa. Bwawa huinuka upande mmoja, sakafu hupasuka, mabomba hukatika, na hakuna fundi awezaye kulirudisha mahali pake, hubomolewa. Mabwawa ya faibaglasi, ambayo ni mepesi zaidi, huelea mapema zaidi au kuta zake huingia ndani kwa kusukumwa na udongo.

Fundi makini huweka sakafuni vali inayoruhusu maji ya ardhini yaingie bwawani badala ya kulisukuma. Ni kinga nzuri ikiwa inafanya kazi. Nyingi huziba kwa mchanga, na nyingine zilishazibwa na mafundi wa baadaye waliodhani wanazuia uvujaji.

Ni nani basi aliye katika hatari hiyo? Njia rahisi ya kujua ni kutazama kisima. Bagamoyo visima havijapotea, na kilicho karibu, hata cha jirani, kitaonyesha maji ya ardhini yako umbali gani kutoka usawa wa uwanja. Umbali huo ulinganishwe na kina cha bwawa. Lakini kisima kitazamwe wakati wa masika, kwa kuwa Februari kitatoa jibu la kutuliza ambalo si la kweli kwa Aprili. Kwa nyumba zilizo karibu na ufuo, upande wa Kaole na Mbegani au zile zinazopakana na pwani ya mji wenyewe, kitazamwe pia wakati wa bamvua, siku ambazo bahari hujaa kupita kawaida, maji yakiwa yamejaa, si wakati wa maji mafu, kwani karibu na bahari maji ya ardhini hupanda na kushuka kwa kufuata bahari. Bamvua likikutana na wiki ya mvua zisizokatika, bwawa lililokuwa salama jana linaweza lisiwe salama leo.

Madhara mengine ni madogo lakini ya hakika. Vigae na grauti vilivyozoea kukaa ndani ya maji hupanuka na kusinyaa jua linapowaka na mvua inapopoa, na baadhi hubanduka. Bwawa tupu pia halibaki tupu: mvua huweka sentimita chache za maji upande wa kina kirefu, maji hayo hupata majani, na hapo mbu wanakuwa na kila wanachohitaji. Mtoto akiangukia humo haangukii majini, anaangukia zege. Juni ikifika, lita 45,000 hazijileti. Kwa boza la lita 10,000 ni safari tano, na kwa bomba linalotoa lita 1,000 kwa saa ni saa 45 za maji yasiyokatika, jambo ambalo kila mkazi anajua linategemea bahati. Gharama hiyo hula sehemu kubwa ya kile kilichookolewa kwenye umeme.

Hata hivyo kukausha kuna wakati wake. Mabwawa ya plastiki yanayosimamishwa juu ya ardhi yakaushwe, yaoshwe, yakunjwe na kuhifadhiwa kabla ya Machi, na suala limekwisha. Bwawa la zege lenye ufa au vigae vilivyobanduka lazima likaushwe ili litengenezwe, lakini kazi hiyo ifanyike Januari au Februari, au Agosti na Septemba, ambapo maji ya ardhini yameshuka, na ikamilike mapema badala ya kuachwa wazi miezi mitatu ikisubiri vigae kutoka Kariakoo.

Kuna wanaotaka kupita katikati na kutoa maji nusu, wakiiga wale wa nchi za baridi wanaoyashusha chini ya skima. Sioni faida yake hapa. Barafu waliyoikimbia wao haipo kwetu, pampu huvuta hewa na kuungua mihuri, vigae vya juu huachwa juani, na nusu ya uzito wa maji uliokuwa ukilishikilia bwawa imeondolewa kwa hiari.

Turubai au wavu

Anayelaza bwawa atajiuliza alifunike kwa nini. Turubai huzuia majani na jua, kwa hiyo klorini hudumu, na kwa nyumba yenye mwarobaini au mkungu unaopukutisha juu ya bwawa linavutia. Lakini katika masika turubai hugeuka kuwa bwawa la pili lenye kina kidogo, lisilo na dawa, juu ya lile la kwanza. Mikunjo yake ni makazi hasa ya Aedes, mbu wa homa ya dengi, ugonjwa ulioisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Uzito wa maji hung'oa viambatisho, na upepo wa kusi unaoanza Aprili humalizia kazi.

Wavu wa matundu madogo uliokazwa kila upande hupitisha mvua na kuzuia majani, na ndio ninaoupendelea. Neno "uliokazwa" lichukuliwe kwa uzito, maana wavu uliolegea ni hatari zaidi kuliko kutokuwa na wavu: mtoto akiukanyaga unamzunguka. Wala wavu au turubai la kawaida havichukui nafasi ya uzio wenye urefu wa angalau mita 1.2 na lango linalojifunga lenyewe. Bwawa linaloendeshwa na bwawa lililolazwa yote ni maji ya kina kirefu, na lililolazwa lina hasara moja zaidi, kwamba watu wazima wameacha kulitazama.

Mbu katika mizani

Suala hili lingetosha peke yake kuamua. Bwawa linalozungushwa na kuchujwa kila siku, hata kwa saa 3, halina utulivu ambao mbu huutafuta. Lililoachwa kuwa kijani ni mazalia makubwa, na katika joto la pwani yai huwa mbu anayeruka kwa muda wa wiki moja hadi mbili. Kila aina hupata pake: Anopheles wa malaria katika madimbwi safi yenye jua, Culex wa matende na mabusha katika maji machafu. Katika mji ambao Taasisi ya Afya Ifakara imefanya utafiti wa malaria kwa miaka mingi, yakiwemo majaribio ya chanjo ya RTS,S, kuwafugia majirani mbu nyuma ya ukuta mrefu ni aibu.

Kwa bwawa ambalo kwa kweli halina wa kulihudumia, kama la nyumba iliyo katika mgogoro wa mirathi, yapo mambo mawili ya kupunguza madhara. Moja ni viuadudu vya kibaiolojia vinavyoua viluwiluwi vya mbu pasipo kudhuru watu wala samaki. Kibaha, katika mkoa huuhuu wa Pwani, kuna kiwanda kinachovitengeneza. Jingine ni kuacha klorini iishe kabisa na kuweka perege wadogo, ambao hula viluwiluwi. Ukoga utajaa na vigae vitahitaji kusuguliwa kwa asidi siku ya kulirudisha, lakini sanduku litabaki na uzito wake na jirani atalala.

Jakuzi: hapa hukumu inageuka

Jakuzi, beseni la maji moto yanayobubujika, lina lita 1,000 hadi 1,500, hukaa juu ya sakafu ya zege na halisukumwi na maji ya ardhini. Kwa hiyo hoja iliyolilinda bwawa lisikaushwe haipo, na badala yake kuna hoja nzito ya kulimwaga. Maji yake huwa na joto la nyuzi 37 hadi 40, na yakizimwa hupoa taratibu huku yakiendelea kukaa katika kiwango ambacho bakteria wa Legionella hustawi, yaani kati ya nyuzi 25 na 45 hivi. Bakteria hao, wanaoleta nimonia, huingia mapafuni kupitia mvuke na matone madogo, na jakuzi ni mashine ya kutengeneza hivyo vyote viwili. Mabomba yake membamba hushika utando wa uchafu ambao klorini ya juujuu haiufikii.

Kuliendesha katika masika kuna maana ikiwa linatumika kila wiki na kuna mtu wa kulipima. Vinginevyo ni kuchemsha maji kwa ajili ya mvua. Anayelifunga alimwage lote, asafishe mabomba kwa dawa ya kuondoa utando kabla ya kulimwaga, apulize maji yaliyobaki kwenye matundu, alikaushe kwa kitambaa na kuacha mfuniko umeinuliwa kidogo ili hewa ipite, wavu mwembamba ukizuia wadudu. Umeme ukatwe kwenye swichi kuu yake, si kwa kitufe cha jakuzi tu. Panya hupenda sana sponji la kuhifadhi joto lililo chini ya kabati lake, na wakishahamia humo hula na waya, kwa hiyo kila upenyo uzibwe kwa wavu wa chuma usioshika kutu.

Nani achague nini

Anayeishi hapo na kuogelea hata siku za manyunyu aendelee kuliendesha bwawa, akipunguza saa za pampu hadi 6 katika wiki ambazo hakuna aliyeingia majini. Mwenye nyumba ya mapumziko Mapinga, Kerege au Zinga, anayekuja mara moja kwa mwezi na ana msimamizi anayeaminika, alilaze. Mwenye nyumba ya wageni inayofungwa Aprili na Mei alilaze pia, akikumbuka kwamba wafanyakazi wake wengi watakuwa likizo na mmoja lazima abaki na zamu ya maji.

Asiye na msimamizi kabisa ndiye mwenye mtihani. Kwake kukausha kunavutia zaidi na kunafaa kidogo zaidi, ikiwa tu nyumba iko mwinukoni, kisima cha jirani kimeonyesha masika baada ya masika kwamba maji hayafiki kitako cha bwawa, na kuna pampu au mfereji wa kutoa maji ya mvua yatakayotuama. Sharti moja likikosekana, ni nafuu kumlipa fundi wa bwawa aje mara mbili kwa wiki kwa miezi miwili kuliko kulijenga upya. Makubaliano naye yaandikwe: saa za pampu, siku za kupima, nani ananunua klorini, na picha ya vijiti vya kupimia itumwe kwa simu kila ziara, ikionyesha na rangi ya maji nyuma yake.